Amplifaya ya Marehemu

Jumanne umeme uliporudi, amplifaya ya kizamani, ya taa za kioo badala ya transista, aliyoachiwa mgane na marehemu mkewe ilifuka moshi. Leo ameipakata kwenye treni kama mtoto mgonjwa.

"Wakubwa wa umeme wameniunguzia!" alimwambia fundi redio aliyeketi kando yake. "Wanakata, wanarudisha, nyasi zinazoumia ni sisi."

Fundi akainusa. "Mzee wangu, umeme ungeanza kuunguza fyuzi. Hapa imeungua transfoma ya sauti. Amplifaya hizi huwa hivi zikiwashwa bila spika."

"Unawatetea? Kwani wakwe zako?"

Fundi akacheka. "Spika ulizigusa?"

Asubuhi ile ya Jumanne mgane alizisogeza, moja kila upande wa kiti cha mkewe, waya zikawa fupi, zisiifikie amplifaya.

"Watajibu hawa wa umeme!" mgane akanguruma.

Treni ikasimama. Fundi akashuka, akamgeukia dirishani. "Mzee, umeme ulipofika, waya za spika zilikuwa wapi?"