Mguu Uliolala Kaunta Siku Tatu

Benchi lao lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya meza ya fundi viatu na kibanda cha fundi redio, na aliyekaa katikati ndiye aliyezama kuliko wote. Jumamosi hiyo aliyezama alikuwa Gundi, fundi viatu mwenyewe. Tangu asubuhi hakuwa ameshona hata tundu moja. Simu yake, nyeusi, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, ilikuwa juu ya goti, naye anaikodolea macho. Saa nne dereva wa lori la simenti alimletea salamu za dada yake. Mpwa wake, binti wa miaka sita ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenzake, anaanza shule Jumatatu, na anakingojea kiatu cha soli nene alichoahidiwa na mjomba. Lori linarudi kesho alfajiri. “Na dada anauliza,” dereva alimalizia, “ile picha ya mguu aliyokutumia Alhamisi kwa simu ya muuguzi, umeiona?” Gundi hakuwa ameona mguu wowote. Alichokuwa nacho ni ujumbe wa maneno, ambao siku ile aliudhani tangazo.

— Hebu usome tena, alisema Posta, mzee aliyestaafu ukarani wa posta na hajawahi kustaafu kutoa amri.

Gundi akasoma, mara ya tano sasa:

— “Umepokea ujumbe wa picha. Simu yako haiwezi kuufungua. Ingia kwenye tovuti yetu, andika namba yako na neno la siri hili hapa. Ujumbe utahifadhiwa siku tatu.”

— Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, alihesabu Shangazi, muuza kahawa, huku akimimina. Basi leo ndiyo mwisho wake. Ukichelewa, mguu umekwenda.

— Hauendi popote, Gundi akasema. Leo nitauona.

Mawimbi, fundi redio, alitoa kichwa kibandani. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba.

— Mnahangaika bure. Picha imo humo humo ndani. Kioo chako hakina rangi, ndiyo maana imekaa gizani. Itikise.

Gundi aliitikisa. Alikuwa tayari kutikisa chochote.

— Unaitikisa kama dawa ya kikohozi, Shangazi akacheka. Itatapika!

— Sikilizeni niwafundishe, Mawimbi akaendelea. Picha haisafiri nzima. Inakatwakatwa vipande vidogo, kila kipande kinarukia mnara kivyake. Kisigino kinaweza kufika leo, vidole kesho.

— Kwa hiyo mguu wa mtoto wa watu umezagaa hewani?

— Umezagaa, Shangazi. Hata hapa tunauvuta puani.

Shangazi akafunika birika lake.

— Mimi naona ni uzito, alisema. Tangu Alhamisi si ndiyo simu yako haikai na chaji? Imebeba picha mgongoni. Na shukuru ni mguu tu. Ingekuwa picha ya harusi, na wageni wote wale, hiyo simu ingepasuka.

— Kimya! Posta alipiga ubao, kahawa zikaruka. Nimekaa kaunta miaka thelathini na moja. Gundi mwanangu, kifurushi kikija posta, mimi nilikuwa nakuletea kifurushi nyumbani?

— Hapana, mzee.

— Nilikuwa nakuletea nini?

— Karatasi. Ya kuniita nije nichukue.

— Basi! Hicho ulichonacho ni karatasi ya kuitwa. Mguu uko kaunta. Simu za wenzako zikipata karatasi zinakimbia zenyewe kuchukua mzigo, ya kwako haijui njia. Inabidi uende na simu nyingine inayojua njia, useme namba yako, useme neno la siri, upewe mzigo.

Hata Mawimbi alivua miwani. Lilikuwa neno la kwanza siku hiyo lililokaa kichwani mwa Gundi bila kuyumba, na Posta angeishia hapo angeheshimika hadi jioni. Hakuishia hapo.

— Yupo karani pale, mkiuliza. Ameweka mguu juu ya rafu. Siku ya kwanza anaupangusa vumbi, siku ya pili anawaonyesha wenzake, siku ya tatu...

— Mzee, nani ana simu inayojua njia? Gundi alimkata.

Jibu lilikuja na kikombe mkononi. Msusi wa saluni ya jirani, ambaye hakuwahi kukaa benchini hata siku moja, alikuwa amefika kumnunulia kahawa mteja wake aliyemwacha kitini na nusu ya kichwa imesukwa. Shingoni alikuwa amening'iniza simu ya kioo cha rangi.

— Dada, Gundi alisimama. Nakuomba. Dakika tano tu.

— Mteja wangu ana nusu kichwa, kaka.

— Mpwa wangu ana nusu kiatu.

Msusi alimtazama, akaketi. Akaandika anwani, akaandika namba, akaandika neno la siri herufi moja moja huku Gundi akimsomea kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Kioo kikawa cheupe. Kisha picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, bila haraka: ukingo wa karatasi, vidole vilivyochorwa kwa penseli, unyayo, kisigino. Pembeni ya mchoro palikuwa na kiberiti.

— Alhamdulillahi, alisema Shangazi.

Mawimbi aliweka rula juu ya kioo.

— Sentimita mbili na nusu. Huyo ni mtoto au panya?

— Imesinyaa njiani, Posta akaeleza. Kila mnara unachukua ushuru wake.

— Minara mingapi kutoka kwa dada yake? Mawimbi akauliza. Saba? Zidisha mara saba.

— Na milima je? Shangazi akadakia. Kwenye mlima picha inabanwa zaidi!

Gundi hakuwasikia. Alikuwa anakitazama kiberiti. Dada yake havuti sigara, na jiko lake halikai karibu na karatasi. Kiberiti kile kiliwekwa makusudi. Ni yeye aliyekuwa akimshikia baba yao uzi wa kupimia walipokuwa wadogo, na alijua picha haina futi. Gundi alimpapasa Mawimbi mfukoni, akatoa kiberiti cha aina ile ile, akahesabu kwenye kioo mguu ni sawa na viberiti vingapi, kisha akakilaza hicho juu ya kipande cha ngozi: kimoja, viwili, vitatu, na upana wa kidole.

— Huu hapa mguu wake, alisema. Akauchora.

Benchi likashangilia kama timu imefunga. Msusi alitabasamu, akainama kuutazama mchoro kwenye ngozi.

— Samahani niulize, kaka. Si umesema mguu mmoja ni mfupi?

— Ndiyo.

— Mfupi kwa kiasi gani?

Gundi alirudi kwenye kioo: unyayo na kiberiti, basi. Posta akachungulia ndani ya kikombe chake. Shangazi akawatazama wanaume wote mmoja mmoja.

— Tumpigie huyo muuguzi, alisema msusi, na akabonyeza namba iliyotuma picha. Haipatikani. Dereva alikuwa ameshasema: kule muuguzi aliko wiki hii hakuna mnara.

— Labda picha yenyewe, Mawimbi akaanza, ukiigeuza ubavu...

— Haina ubavu, alisema Gundi. Karatasi imelala. Mtoto anasimama.

Alianza kukusanya vipande vya soli kutoka chini ya meza, vyembamba, vya unene tofauti, akivipanga kwenye mfuko pamoja na nyundo, misumari na chupa ya gundi.

— Unakwenda wapi na duka zima? Shangazi akauliza.

— Juu ya lori. Sehemu ya juu naishona leo, soli sizifungi. Kesho namsimamisha pekupeku mlangoni kwao, nampachikia moja moja chini ya mguu mpaka mabega yalingane. Jumatatu anaingia darasani na kiatu chake. Mzee Posta, meza nakuachia.

— Miaka thelathini na moja kaunta, Posta alijibu, akijivuta nyuma ya meza. Nenda.

— Kahawa imeisha, Shangazi alitangaza. Mwende makwenu.

— Asiende mtu, alisema Gundi. Mawimbi, vuta ngozi upande huo. Shangazi, nitilie uzi kwenye sindano, macho yako mazuri kuliko yangu.

Wakavuta, na kisu kikaanzia kisigino.