Nyumba Mabegani

Ndani ya basi la Morse Road, huku ughaibuni, mama Mkongo mwenye sare ya nyumba ya wazee alimgeukia abiria Mtanzania wa pembeni, asiyemjua. "Mama, Mufilipino mumoja wa ku kazi amenionesha video ya kwabo, kamuji kadogo ku bahari. Batu makumi mbili banabeba nyumba muzima ya mianzi ku mabega, banaihamisha!"

"Na paa lake?" Mtanzania yule alitoa macho. Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, niliacha kujifanya nasoma simu.

"Na paa! Bon, mwenye nyumba anabapikia tu."

"Uongo huo, dada. Mimi nilihamisha kochi peke yangu, majirani wananichungulia dirishani."

"Haukubaita!"

"Ningewaita kwa jina gani?"

Basi likasimama. Tulishuka wote watatu, tukaingia jengo moja la kupanga, kila mtu na ufunguo wake.