Fuko Aliyeniozesha Mke

Sogeeni karibu, wanangu, maana pumzi iliyobaki nataka niitumie kwa maneno, si kwa kupaza sauti. Mbula, wewe mkubwa, kaa upande huu wa kitanda, na Kang'ethe upande ule, wala msitazame chini kama watu waliogombezwa. Mama yenu Ngendo yuko pale kwenye kigoda, na nikikosea atanirekebisha, kazi aliyoifanya kwa furaha tangu siku aliyonijua. Kilio sitaki. Nimeishi vizuri mpaka naona haya kidogo, na leo moyo wangu ni mweupe, isipokuwa jambo moja ambalo tutalifikia.

Mnajua nilitoka Ukambani nikiwa kijana, nikaja Thika kukata mkonge, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi kusokota kamba, watu wakaanza kuniita niwategee fuko mashambani mwao, mpaka nikafika huku Ruiru. Shamba hili lilikuwa la babu yenu, yule Kang'ethe mkubwa, ambaye wewe mwanangu umerithi jina lake pamoja na ubishi wake. Viazi vitamu vyake vilikuwa vinaliwa kutoka chini. Asubuhi shina limesimama, jioni limevutwa ardhini na majani yake yote. Nami nilikuwa nimeshamwona Ngendo akibeba maji, nikatuma maneno nyumbani kwao. Babu yenu akacheka sana, akasema, "Mkamba, niondolee kwanza huyu fuko, ya binti tutaongea baadaye."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wosia wangu umo ndani ya habari za fuko. Fuko anaishi peke yake. Anachimba kwa meno, udongo anausukuma kwa kichwa mpaka juu, ndio vile vilima vidogo mnavyovikanyaga shambani. Njia zake za juu, zinazopita kwenye mizizi, ni za kutafutia chakula. Chini zaidi kuna chumba chake, na humo ametenga pa kulala penye nyasi kavu, pa kuweka viazi, na pa kwenda haja, nyumba safi kuliko kambi ya vibarua niliyolala mimi. Lakini kitu kimoja hakiwezi, nacho ni mlango wazi. Ukifungua njia yake upepo ukaingia, hata kama ameshiba na kulala, lazima aje kuziba. Basi mtegaji anapinda ufito, anateremsha kitanzi cha katani pale alipofungua, halafu anakwenda zake kunywa uji. Fuko anakuja mwenyewe, anasukuma udongo, ufito unaruka na kitanzi kinamkaza.

Nikamnasa. Nikavaa shati safi, nikampeleka kwa babu yenu huku nimemshika mkia ule mfupi. Akasema vyema, tungoje mvua tuongee. Mvua haijafika, viazi vikaanza kuvutwa tena, na mzee akanishtaki mbele ya wenzake kwamba nilimletea fuko wa jirani. Nikanasa mwingine, na baada yake mwingine, na kila mara nafua lile shati. Nilidhani nimerogwa. Kumbe nyumba ya fuko ikiachwa tupu haikai tupu. Mwenzake anayechimba hapo karibu akikutana na njia zilizo tayari, anahamia. Ndiyo maana watu wa hapa wakishamnasa huzichimbua njia zote kwa jembe na kuzikanyaga. Na babu yenu alitaka kuzichimbua tangu siku ya kwanza. Mnajua nani alimkataza?

Ngendo, usijifiche na leso, watoto ni wakubwa sasa. Ni yeye. Alimwambia baba yake kwamba jembe litakata viazi vichanga, afadhali aitwe tena yule Mkamba. Alijua kabisa mwingine atahamia. Aliniambia tulipokwisha kumpata Mbula, nikacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mzee mwenyewe alipochoka kuniona akasema, "Mwacheni amwoe, labda nipate kula viazi." Mimi mgeni nisiye na kipande cha ardhi niliingia shamba hili kwa njia ambayo mama yenu alikataa izibwe.

Mitego yangu mgawane, fito na kamba. Jembe la Githinji lirudishwe. Huyo jirani ana kinyongo nami miaka yote, anasema fuko niliowakosa niliwahamishia kwake, na sina hakika kama ni uongo. Siku ya mazishi apewe chakula wa kwanza, na msibishane naye.

Sasa lile jambo moja. Wapimaji wa serikali watafika kuunganisha vipande vya ardhi na kuandika mipaka, na Kang'ethe, wewe umeziba kwa miiba njia ya dada yako ya kwenda mtoni. Mbula alirudi kwetu na mtoto wake kwa sababu kule alikoolewa hakuna aliyemheshimu, na mimi nilimfungulia mlango kwa mkono wangu. Unaogopa mtoto wake atakuja kudai shamba. Mwanangu, nakupenda, na ndiyo sababu nakuambia wazi: fuko niliowanasa maisha yangu yote, wote niliwanasa wakiziba. Upande wa viazi ni wa Mbula, kuanzia mfereji kwenda chini. Wa juu ni wako. Wapimaji waambiwe hivyo na nyinyi wawili, mkiwa mmesimama pamoja, na mama yenu akae anapotaka.

Nizikeni huko kwenye viazi. Mkichimba mkikuta njia ya fuko msihangaike nayo, ataiziba mwenyewe. Nimewasumbua vya kutosha.

Leteni mikono... yote miwili. Nawatemea mate ya baraka kama nilivyotemewa. Mzae, mle, mcheke. Mvua iwakute mmepanda. Mbula, mikono yako ni baridi, mwanangu... iweke hapa.

Nasikia upepo miguuni. Nani anainuka? Kang'ethe, keti, usifunge mlango, nimezungumza habari gani sasa hivi... Ngendo, macho yangu hayaoni vizuri, anafanya nini? Amechukua panga? Aa. Mwache aende.

Mnasikia? Ni miiba ile. Anaikata... anaikata kwa nguvu, jamani, babu yake kabisa. Mlango huo uacheni hivyo hivyo, wazi. Nataka kusikia mpaka amalize.