Historia ya Amedeus, Aliyerudisha Mahali pa Jina

Ndugu waombolezaji, makatekista, majirani, na ninyi mliofuata wali, tulieni kidogo, mimi Verediana ni mama wa marehemu, familia imeniachia nisome, nami nitasema yaliyokuwepo.

Amedeus alizaliwa Kiberege tarehe 9 Juni 1981, mtoto wetu wa mwisho, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1989 hadi 1995, sekondari Mahenge hadi 1999, kisha chuo cha kompyuta Morogoro alikomaliza 2003, maana shambani hakufaa kitu, jembe lilimchoka kabla yeye hajalichoka.

Mwaka 2005 aliajiriwa kwenye ofisi ya uchapaji pale Viwanja Sitini, tarehe 12 Julai 2008 akafunga ndoa na Yosefina, mwanamke mvumilivu kuliko alivyostahili mwanangu, wakajaliwa Careen na Fidelis.

Kazi yake ilikuwa kugeuza mafaili ya XML kuwa kurasa za kitabu, akanieleza kwamba humo kila kipande cha maandishi kimefungwa kwenye lebo, kichwa kina yake, sala ina yake, na mwandishi huacha nafasi tupu kati ya lebo ili asome vizuri, ila kitabuni nafasi hizo ni pumba, basi kompyuta huamriwa izipepete. Mwaka 2022 aligeuza kitabu cha sala za mazishi, akapepeta bila kutazama ungo, kumbe kwenye sala ya kaburini kulikuwa na lebo yenye nafasi tupu peke yake, mahali pa kutajia jina la marehemu, nayo ikaenda na pumba.

Huku kwetu padre akiwa mbali anazika katekista, na katekista Melkiori, simsemi vibaya, yupo hapo mbele, husoma kilichoandikwa na si zaidi, basi mwaka jana kule Mlimba akamaliza sala ya bibi Marsiana bila kumtaja, wanawe wakakalia udongo, wakasema mama yetu si gunia la mpunga, hafukiwi mpaka aitwe.

Habari ilimkuta Amedeus yu mgonjwa wa figo tangu Februari 2023, nikamwambia lala, vitabu watarekebisha wenye figo zao, akanijibu, mama, na mimi nitazikwa kwa kitabu hikihiki. Kwanza akaiamuru kompyuta isiguse nafasi yoyote, kurasa zikatoka na mapengo kama kinywa changu, ndipo akaipanga upya, kwingine ipepete, ila ndani ya sala iache kila nafasi kama ilivyo, na vitabu vipya vikatoka Agosti 2025.

Tarehe 3 Septemba Melkiori alizika mtu Kiberege, Yosefina akashika simu karibu na kaburi, mimi na Amedeus tukasikiliza wodini, jina likatajwa mahali pake, akasema haya, sasa nizimieni taa, na ilikuwa saa saba mchana.

Alifariki tarehe 6 Septemba 2025, maumivu yalikuwa yamemfanya vibaya, sitadanganya mbele ya jeneza, nilishusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika, wenzake wa ofisini, hata walioleta ushauri bila kuni. Katekista, kitabu unacho, mtaje kwa sauti, huku nyuma tusikie.

Pumzika kwa amani, mwanangu, figo hazikuumi tena.