Hakuna Mshipi Mnene Tarime Nzima

Kijiwe cha Kisyeri kilitazamana na duka la ushirika pale Nyamisangura, na hiyo ndiyo ilikuwa faida yake kubwa: lori la bidhaa likifika, waliokaa benchi waliliona kabla ya mji mzima. Vinginevyo kilikuwa benchi moja linaloyumba, jiko la mkaa, birika jeusi na vikombe visivyotosha watu. Kahawa ilinywewa kavukavu, maana sukari ilikuwa ya mgawo, na mgawo wa mwezi ule ulikuwa umeishia kwa wakubwa na shemeji zao. Mpaka wa Sirari nao ulikuwa umefungwa miaka kadhaa, kwa hiyo mtu akitafuta betri, sabuni au kiberiti, alichopata kwa uhakika ni maelezo ya kwa nini hakipo. Maelezo kwa Kisyeri yalikuwa tele. Asubuhi ile lori lilikuwa limekuja kweli, watu wakapanga foleni na vikapu mkononi, na kilichoshushwa ni katoni ya ndoana za kuvulia samaki, ndogondogo, za samaki asiyezidi kidole. Mshipi wa kuzifungia hata huo haukuwamo.

Nashoni alikuwa wa kwanza kwenye foleni na wa kwanza kurudi benchi, na ndoana moja tu kiganjani. Kijiweni walimwita Padri, si kwa utakatifu. Aliwahi kuendesha Landrova ya padri mmoja Mzungu wa misheni, na padri yule alipenda kuvua samaki kwa fimbo yenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, kule Kirumi ambako Mto Mara unakaribia ziwa. Padri alipohamishwa alimwachia dereva wake fimbo ile, na ugonjwa wa kuvua akamwachia pia. Lakini mshipi wa padri ulioza, na mwingine mnene Nashoni hakuupata popote. Uliokuwapo ni uzi mwembamba wa kuvulia sato. Na siku hizo ziwani alikuwa ameingia sangara, samaki mzito kama ndama, ambaye uzi wa namna ile anaukata kwa meno na kuendelea na safari zake.

Sasa jambo lililomnyima Nashoni raha lilikuwa hili. Mzee Mokami wa Susuni, rika moja na marehemu baba yake, alipopita mjini kwenda kutibiwa Musoma alimwachia litungu lake, zeze kubwa la Wakurya, alitunze. Litungu lile lilijulikana kuanzia Susuni hadi Nyanungu, na nyuzi zake nane zilikuwa za nailoni nene, zilizonunuliwa Kisumu wakati watu bado wanavuka mpaka. Nashoni alizitazama, akazitazama tena, halafu akazifungua zote. Alijiambia anaazima tu. Alizisokota pamoja, akazifunga mwisho wa mshipi wake, pale karibu na ndoana ambapo meno ya sangara yanafika, akaenda nazo Kirumi, na akarudi bila nyuzi. Na sasa keshokutwa mzee alikuwa anaoza mjukuu, na habari zilikwishafika mjini kwamba amepona na atapiga mwenyewe, mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Litungu lilikuwa chini ya kitanda cha Nashoni, uchi kabisa, na Nashoni alikuwa anaona aibu.

Wenzake benchi hawakujua lolote kati ya hayo. Wao walikuwa na katoni ya ndoana ya kushughulikia.

— Nyinyi mnadhani ni makosa, alisema Mseti. Hii ni mipango.

Mseti ndiye waliyemwita Waziri, kwa sababu alikuwa na jibu la kila wizara.

— Mipango gani ya kuwaletea Wakurya ndoana za dagaa? aliuliza Kisyeri, akipuliza mkaa.

— Kule juu kuna bwana amekaa na ramani. Anaangalia Tarime, anaona pana mto. Anaandika ndoana. Ule mto kwenye ramani ni mwembamba hivi, mura, kama unywele. Basi anaandika ndoana nyembamba.

— Na mshipi?

— Mshipi ni wizara nyingine.

Joram alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Huyu jina lake la kijiweni lilikuwa Sirari. Alikuwa na binamu upande wa pili wa mpaka, na kwa maneno yake hapakuwa na kitu binamu asichoweza kukipata.

— Mshipi mnene upo, alisema Joram. Upo Migori, unaning'inia madukani hakuna hata anayeutazama. Mnene hivi. Unaweza kufungia dume la ng'ombe. Mimi nikitaka leo, kesho unaamkia hapa.

— Mbona sisi hatujawahi kuuona?

— Hamjauhitaji. Nikuletee mshipi ufanyie nini wewe, ufungie birika?

Nashoni alisogea kidogo kwenye benchi. Alitaka kuuliza, akaona akiuliza ataulizwa, akaacha.

— Mimi nilisikia mshipi mnene wote unanunuliwa na wale wa mbugani, alisema Kisyeri. Kule Serengeti. Wanamfungia simba wakati wa kumpima uzito.

— Simba anapimwa uzito?

— Kila mwaka. Nyinyi mnadhani wazungu wanakuja kuangalia tu?

— Kisyeri, hiyo ni hadithi ya kitoto, alisema Mseti, naye akaweka kikombe chini, dalili kwamba hotuba inakuja. Jiulize, nani hapendi wewe uwe na mshipi mnene? Ukiwa na mshipi mnene utavuta sangara. Sangara mmoja anakula familia yako wiki mbili.

— Familia ndiyo inamla sangara, Waziri.

— Sawasawa. Sasa mtu mwenye sangara ndani hapangi foleni. Asiyepanga foleni hahitaji mgawo. Asiyehitaji mgawo, mjumbe wa nyumba kumi akiitisha mkutano, atakwenda? Mimi sijasema kitu. Ninauliza tu.

Walitazama kulia na kushoto, kama walivyofanya kila Mseti alipouliza tu.

— Lakini sangara mwenyewe alitoka wapi? aliuliza Joram. Babu zetu hawakumjua. Mimi binamu yangu ameniambia kabisa. Wenye viwanda vya mishipi huko Ulaya walikaa, wakaona watu wanavua kwa uzi wa kushonea, biashara hakuna. Wakatia samaki wa kukata uzi.

— Halafu mshipi mnene wakasahau kuuleta?

— Ndio wanasubiri tulie kwanza.

— Mimi nawaambia mshipi uliko, alisema Kisyeri, akimimina. Umo matumboni mwa sangara. Mshipi wote uliowahi kuingia nchi hii. Kila mtu alitupa wake, samaki akaumeza akaenda nao. Mkimkamata mmoja mkampasua, mtakuta duka zima.

Walicheka wote. Nashoni alicheka pamoja nao, akajichukia kwa kicheko kile. Alihisi Kisyeri amemvua nguo barabarani bila kujua, na kwamba mtu yeyote akimtazama vizuri usoni ataziona zile nyuzi nane.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya jiko, kitenge begani, vumbi la safari miguuni. Alikuwa Felista, binti wa Mzee Mokami na mama wa bibi harusi. Alingoja kicheko kiishe kwa adabu.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa, alisema Kisyeri. Sukari ndiyo hatuna.

— Asante, sikai. Namtafuta kaka Nashoni. Baba amenituma litungu. Lori la ushirika linakwenda Susuni mchana huu, dereva amekubali kunipakia nalo. Tangu jana mzee anakunja na kukunjua vidole, anasema vimelala sana.

Nashoni alisimama kumsalimia, akashindwa kuketi tena.

— Lipo, alisema. Lakini halina nyuzi.

— Halina vipi?

— Nyuzi zimetoka. Zote.

Kisyeri, ambaye hakuweza kuona mtu anakwama bila kumsukuma, alidakia.

— Panya hao. Mwaka huu panya wanakula hata nailoni. Kwangu wamekula kamba ya kuanikia nguo.

— Kweli, alisema Mseti. Ni panya wa aina mpya. Wanakuja na magunia ya msaada.

Felista alitikisa kichwa polepole, karibu akubali. Nashoni aliona mlango umefunguliwa mbele yake na watu wawili wameushikilia apite. Angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini alimfikiria mzee akikunja vidole, na mwili wake wote ukaona haya.

— Si panya, alisema. Nilizichukua mimi, dada. Nilikwenda nazo Kirumi kuvulia samaki.

Mseti aliinua kikombe chake akanywa, nacho kilikuwa hakina kitu.

— Nyuzi za baba, alisema Felista.

— Nyuzi za baba. Nilitaka kuzirudisha.

Felista hakupiga kelele, na Nashoni alitamani apige. Badala yake alianza kuhangaikia dawa, kama mtu ambaye sufuria imemmwagikia siku ya wageni.

— Basi tutafute nyingine. Nimeona watu wamebeba vitu kutoka dukani. Leo si wameleta?

Nashoni alimwonyesha ndoana moja kiganjani. Felista aliitazama, akamrudishia.

— Lakini nilipokuwa nafika nimemsikia huyu ndugu akisema Migori upo, alisema, akamgeukia Joram. Kwamba ukitaka leo, kesho unafika. Harusi ni keshokutwa. Kaka, tusaidie. Hata kama ni wa magendo, mimi sitasema.

Joram alitazama mtaani, kana kwamba binamu yake yuko karibu kutokea.

— Unajua, mama, mambo ya mpakani siku hizi...

— Hata nyuzi nne tu. Baba atazipanga.

— Binamu yangu sijamwona, alisema Joram kwa sauti ya chini. Tangu wafunge mpaka sijamwona. Sijui hata kama bado yuko Migori.

Hapo na Joram akainamisha kichwa. Siku nyingine wangemcheka wiki nzima. Siku ile hakuna aliyekuwa na hamu.

— Zamani matungu yalifungwa kano za ng'ombe, alisema Mseti, naye hakuwa na ile sauti ya uwaziri. Tukichinja leo...

— Zinataka kukauka, tata. Baba alinionyesha nikiwa mdogo. Ukizifunga mbichi zinalegea wimbo ukiwa katikati.

Felista alimgeukia tena Nashoni, na sasa alisema taratibu, kama anayemtafutia mtu pa kukanyaga.

— Ila samaki mwenyewe alikuwa mkubwa. Alizikata.

— Hakuzikata. Nyuzi za baba zilimshika. Alipigana nami mpaka mikono ikafa ganzi, nikamfikisha ukingoni, sangara wa urefu wa hili benchi. Ndoana ilikuwa imeingia ndani kabisa kooni. Nikazikata kwa kisu, mdomoni pale, akaenda nazo.

— Ulitaka kukata mdomo ukakosea.

— Hapana, dada. Nilikata nimwachie. Padri alinifundisha hivyo. Unamvua, unamshinda, unamrudisha majini. Kwao ni mchezo, wanavua hivyo.

— Hukumleta nyumbani.

— Sikumleta.

— Kuna mtu alimla?

— Hakuna.

Felista alifikiri. Usoni hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kuielewa habari ile ili aweze kuifikisha Susuni ikiwa nzima.

— Kama ulikuwa humtaki, ulimvua wa nini?

Kisyeri alimtazama Mseti. Mseti, aliyekuwa na jibu la panya, la ramani na la mikutano, alijifuta midomo kwa kiganja. Felista alingoja kweli. Hakuwa ameuliza ili kumsuta mtu.

Padri alikuwa akisema kumwachia ni kumpa samaki heshima. Kule ukingoni, maji yakimfika magotini, Nashoni aliyaamini maneno hayo, tena alijiona mtu bora kuliko wavuvi wote waliokuwa wakirudi na mitumbwi yao. Neno heshima lilimfika mdomoni sasa. Alilifikiria likitoka mbele ya binti wa Mokami, aibu ikampanda mpaka masikioni, akalimeza.

— Sijui, alisema.

— Basi litungu utalibeba wewe, alisema Felista. Tutapanda lori wote. Baba akiuliza, mimi sitajua la kumwambia.

Nashoni alikwenda nyumbani, akalitoa litungu chini ya kitanda, akalipangusa vumbi. Alitafuta shuka la kulifunika, akaliacha. Alilipakata kifuani, mti wa juu ukiwa hauna hata uzi mmoja, akafuatana na Felista kuelekea lilipokuwa lori. Njiani watu waliliona na kufurahi, kwa kuwa kwa mbali nyuzi hazionekani.

— Padri, leo kuna mambo, alisema fundi cherehani mmoja barazani kwake. Harusi wapi?

— Susuni, alijibu Nashoni, na hakusimama.