Zbigniew Ametufukuza

Benchi lenyewe ni la saruji, liko kati ya bwalo la chakula na jengo la madarasa, kwenye kituo cha mafunzo ya wamisionari pale Provo, Utah. Kahawa hakuna, wala chai, kanisa lao limevikataza, na anayeuliza kwa nini basi ni mgeni. Hapo watu wanakunywa maziwa ya chokoleti kwa vikombe vya karatasi, na wanayanywa kama wanalipwa. Wenye benchi ni vijana wanne wa miaka kumi na tisa, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, ndevu zimenyolewa hata ambazo hazijaota, na wanaitana Mzee, cheo cha kila mmisionari wa kiume. Wote wanne wanapelekwa Polandi. Vainuku anaitwa Ukuta, kwa sababu akisimama mlangoni darasa linaingia giza. Wazazi wake ni Watonga wa visiwa vya Tonga. Wamisionari hupangwa wawili wawili, na mwenzi wake ni Thorup, anayeitwa Mfugaji, maana kwao Sanpete wanafuga batamzinga. Pettingill ni Kamusi, ana rundo la kadi za maneno alilolifunga kwa mpira, hata chooni anaingia nalo. Mwenzi wa Kamusi ni Okelberry, aliyebatizwa jina la Bakuli baada ya kula konfleksi asubuhi, mchana na jioni wiki tatu mfululizo. Jumatano hiyo, baada ya chakula cha mchana, Thorup alikuwa amekaa mwisho wa benchi na hanywi. Saa kumi alitakiwa kumpa rais wa tawi, kiongozi wao wa kanisa pale kituoni, jibu: anabaki au anarudi nyumbani.

— Mfugaji, kunywa maziwa yako, — Ukuta alimwambia. — Yanaota utando.

— Sitaki.

— Basi nipe mimi.

Akapewa. Akayamaliza kwa mkupuo mmoja, akavikunja vikombe vyote viwili kuwa kitu kimoja.

— Tuongee Kipolandi, — Kamusi alisema. — Sheria inasema mchana ni Kipolandi tu.

— Sawa, anza wewe, — Bakuli alimjibu.

Kamusi akafikiri. Akafungua mpira, akatazama kadi mbili tatu, akafunga.

— Siwezi kusema ninachotaka kusema.

— Si ndiyo hapo! — Bakuli alisema. — Kwa Kipolandi tunajua kusema habari yako, mimi ni mmisionari, Mungu anakupenda. Tukigombana kwa Kipolandi tutajikuta tunakumbatiana.

Hata Thorup alicheka kidogo. Halafu akaacha.

Jambo lililowaweka pale lilitokea jana yake. Mwalimu wao, Ndugu Stapley, aliwahi kutumikia miaka miwili kule Łódź, Polandi. Kila baada ya siku mbili anatoka darasani, anavaa kofia ya sufu, anaingia chumba kidogo cha jirani, na kuanzia hapo yeye si Stapley tena. Ni Zbigniew, mgane wa makamo, fundi wa lifti, Mpolandi asiyejua neno la lugha nyingine. Wamisionari wanagonga, wanakaribishwa, wanafundisha. Akivua kofia anarudi kuwa Stapley, na ukimuuliza habari za Zbigniew anakuambia hamjui, kamuulize mwenyewe. Wote wanne walimfundisha kwa zamu. Jana ilikuwa zamu ya Thorup na Ukuta. Katikati ya somo Zbigniew alisimama, akafungua mlango, akawaambia wasirudi.

— Mimi nasema ni ile chai, — Ukuta alianza. — Nilisema jana, na leo nasema.

— Chai gani? Hakukuwa na chai, — Kamusi akadakia.

— Ya kuigiza. Alishika birika la hewa, akamimina hewa, akamsogezea Mfugaji. Mfugaji akasema hapana, hatunywi.

— Hatunywi kweli, — Thorup alijitetea.

— Kaka, kikombe kilikuwa kitupu! Ilikuwa hewa! Umekataa hewa ya watu!

— Ningefanyaje? Ninywe?

— Ungeomba maji ya hewa.

— Kwa Kipolandi ningesemaje?

Maji Ukuta alikuwa anayajua, kuomba ndiko kulikomshinda.

— Acheni mambo ya chai, — Kamusi alisema. — Mtu hafukuzi wageni kwa chai. Ni matamshi. Mfugaji anatamka kama anaita batamzinga.

— We vipi? — Ukuta akamgeukia.

— Nasema ukweli. Mpolandi akisikia lugha yake inachinjwa nyumbani kwake...

— Mpolandi gani? Ni Stapley wa Bountiful, hapa hapa Utah!

— Hapo ndipo mnapokosea, — Bakuli alisema.

Alikuwa ameweka bakuli lake magotini na kijiko mdomoni. Alikitoa kijiko taratibu, kama mtu anayetaka wenzake wasogee.

— Stapley ametumwa. Ofisini wanataka kujua nani dhaifu, wamchuje mapema. Nauli ya Polandi si mchezo. Kwa hiyo wanamwambia Stapley, fukuza wawili, tuone watafanya nini. Anayelia anapelekwa Nebraska.

— Nebraska kuna nini? — Ukuta aliuliza.

— Ndiyo maana wanapelekwa huko.

— Mimi sikulia, — Thorup alisema.

— Uliinamisha kichwa. Wanaandika.

— Bakuli, nani anaandika? — Kamusi aliuliza. — Chumba kile kina viti vinne na pazia.

— Nyuma ya pazia ulichungulia?

Hakuna aliyechungulia. Bakuli akala kijiko kimoja kwa ushindi.

— Au ni mchumba wake, — Ukuta alisema. — Stapley ana mchumba. Wamegombana, hasira zimeishia kwetu. Baba yangu akigombana na mama, anayefokewa ni mbwa.

— Mchumba hayumo, — Bakuli alisema. — Nimelifikiria hili tangu jana nikiwa kitandani. Sikilizeni. Tunadhani Stapley anaigiza kuwa Zbigniew. Sasa je, kama ni kinyume?

— Kinyume vipi?

— Kama Stapley ndiye hayupo? Kama huyu ni Zbigniew, Mpolandi halisi, fundi lifti, halafu darasani ndiko anakoigiza kuwa Stapley?

Kamusi alimtazama mwenzi wake kwa muda. Sheria inamtaka aandamane na Bakuli kila anakokwenda, asimpoteze machoni mchana wala usiku, na bado alikuwa na wiki sita.

— Stapley ana gari lenye namba za Utah, — alisema.

— Zbigniew hawezi kununua gari?

— Ametuonyesha picha za mama yake Bountiful.

— Mama wa mtu. Mimi nikikuonyesha picha ya mama utajuaje ni wangu?

— Anafanana na wewe, masikio hayo hayo, — Ukuta alisema, na Bakuli akashika sikio.

Thorup hakucheka mara hii. Alikuwa anatazama mlango wa jengo la ofisi. Rais wa tawi, ambaye siku nyingine anauza magari Orem, mji wa jirani, angefika muda wowote na koti lake mkononi.

— Nyie mnafanya mchezo, — alisema. — Mimi nimeshafikiri. Nimeshindwa na Mpolandi wa kuigiza, ndani ya chumba chenye joto, mwalimu wangu mwenyewe, mtu anayetaka nifaulu. Mpolandi wa kweli nitamfanya nini? Ananifungulia mlango mwezi wa kwanza, theluji mpaka magotini, nitamwambia nini?

— Habari yako, mimi ni mmisionari, — Bakuli alianza.

— Nyamaza, Bakuli, — Ukuta alisema.

Ukuta alikuwa na lake moyoni. Thorup akiondoka, yeye hataachwa peke yake, maana hapo hakuna wa peke yake. Ataunganishwa na Kamusi na Bakuli, wawe watatu. Alishawahi kulala chumba kimoja na Bakuli siku nne, na Bakuli huongea usingizini, tena kwa sauti.

— Mama yako anasemaje? — Ukuta alimuuliza Thorup.

Mama yake Thorup anafanya kazi kiwanda cha batamzinga, zamu ya asubuhi, ana watoto wengine watano. Jumatatu walipoongea kwa simu ya video bado alikuwa na kofia ya wavu kichwani.

— Anasema nikirudi nirudi. Kitanda changu kimechukuliwa na mdogo wangu, tutabanana. Anasema nimwambie mapema ajue anamenya viazi vingapi.

— Basi? Hakulia?

— Mama yangu? Alisema kama Kipolandi kimenishinda si mimi wa kwanza kushindwa na kitu. Lakini niwe na hakika kwamba kimenishinda, isiwe nimekichoka tu. Halafu akaniuliza nimefua mashati.

— Umefua?

— Nimefua.

Ukuta aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema ndogo.

Wakati huo walikuja wasichana wawili na masanduku yao. Wa mbele alikuwa na kibandiko cha rangi ya chungwa kwenye beji, kile wanachobandikwa wanaofika siku hiyo ili kila mtu awaelekeze njia. Beji yake ilisema Dada Haverkamp. Mwenzi wake alikuwa amesimama nyuma, anapambana na gurudumu la sanduku lililokwama.

— Samahanini, Wazee. Darasa la Kipolandi ni jengo hili?

— Hili hili, ghorofa ya pili, — Kamusi alisema, na akajiweka sawa tai. — Nanyi ni wa Polandi? Karibuni. Mkihitaji kadi za maneno...

— Ndiyo. Mbona mmenuna hivyo? Mmefiwa?

— Zbigniew ametufukuza, — Ukuta alisema.

— Zbigniew ni nani?

Ikabidi aelezwe. Aliyeeleza ni Kamusi, kwa mpangilio: kofia, chumba, fundi lifti. Bakuli aliingiza Nebraska mara mbili, akanyamazishwa mara mbili. Dada Haverkamp alisikiliza ameegemea sanduku. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri na alikuwa bado anatafuna mkate aliopewa bwaloni.

— Na mlikuwa mnamfundisha nini alipowafukuza?

— Familia, — Thorup alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mtu bila kuvutwa. — Kwamba familia hazitenganishwi na kifo. Ameshafiwa na mkewe. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Nilikariri ukurasa mzima. Nikamwambia akibatizwa tarehe kumi na tano atakuwa na mkewe milele. Ndipo akasimama.

— Tarehe kumi na tano ya mwezi huu?

— Tunafundishwa tutaje tarehe.

— Aha.

Alimeza mkate. Hakuwa na nia ya kumlaumu mtu. Alitaka kukielewa kisa tu, kama mtu anayefika kwenye mchezo wa mpira umeshaanza anavyouliza nani anaongoza.

— Mkewe aliitwa nani?

Kamusi alifungua mdomo. Alishika mpira wa kadi zake, akauachia. Akamtazama Bakuli. Bakuli akatazama ndani ya bakuli. Ukuta akamtazama Thorup.

— Hakutuambia, — Ukuta alisema.

— Mlimuuliza?

— Ni wa kuigiza, Dada, — Bakuli alisema, lakini bila nguvu. — Labda hana jina.

— Sasa hivi si ulisema Zbigniew ndiye wa kweli? — Kamusi akamuuliza.

Dada Haverkamp akashika sanduku lake, akawaaga. Mwenzi wake alikuwa amelikomboa gurudumu. Wakaingia ndani, masanduku yakigongagonga ngazi.

Thorup alikuwa ameinama, viwiko magotini. Alikumbuka somo la kwanza, Zbigniew ameonyesha dirishani kwa kidole, amesema sentensi ndefu yenye neno mke ndani yake. Alikumbuka la tatu pia, neno lile lile, na mkono umewekwa juu ya kiti kitupu. Neno mke alikuwa analijua. Alilisikia. Mara zote mbili alikuwa ametulia anangoja Zbigniew amalize, ili aendelee pale alipoishia kwenye ukurasa wake. Na kuuliza mtu anaitwa nani ndicho kitu cha kwanza walichofundishwa siku waliyofika, hata Bakuli anakiweza.

— Ukuta.

— Naam.

— Tulikwenda kwake mara ngapi?

— Sijahesabu. Nyingi.

— Na kile kiti kitupu, we ulikiona?

— Nilikiona. Nilidhani ni cha mtu wa nyuma ya pazia.

Bakuli alikohoa.

Mlangoni mwa ofisi alitokea rais wa tawi, koti mkononi, akaangaza huku na huku akitafuta mtu. Aliwaona, akapunga mkono.

— Huyo amekuja, — Kamusi alisema kwa sauti ya chini. — Mfugaji. Unamwambia nini?

Thorup alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akavuta tai. Ukuta naye alikwisha simama, kabla yake.

— Stapley yuko wapi saa hizi? — Thorup aliuliza.

— Darasani. Anakula sandwichi yake.

— Atakubali?

— Kufukuzwa tumefukuzwa, — Ukuta alisema. — Kugonga haikukatazwa.

— Alisema msirudi, — Kamusi aliwakumbusha.

— Nitamwambia sikuja kufundisha, — Thorup alisema.

— Kwa Kipolandi utasemaje?

— Sijui. Nitafika hapo nione.

Rais wa tawi alipunga tena, safari hii kwa koti.

— Na huyu je? — Bakuli aliuliza. — Amekuja kwa ajili yako kutoka Orem. Tumwambie nini?

— Mwambieni samahani, leo sina nafasi, — Thorup alisema. — Nina mtu wa kumtembelea.