Moshi wa Chini na Moshi wa Juu

Benchi letu limeegemea ukuta wa kiwanda cha saruji, na bomba la kiwanda hicho linatutemea vumbi mpaka kwenye kope. Juzi ikaja amri: kwa ajili ya tabianchi, majiko ya mkaa mitaani mwisho kesho. Jiko la Bi Kahawa, anayetunywesha hapa kila asubuhi, ndilo linalomlisha yeye na wajukuu zake. Kiwanda je? Kimepewa "kipindi cha mpito", miaka kumi. Nilisoma lile tangazo mara mbili, damu ikanichemka.

— Shida ni moshi wenyewe, alisema Injinia, fundi baiskeli wetu. Wa jiko unatembea chini, unaingia watu machoni. Wa kiwanda unapanda, unakwenda zake.

— Unakwenda wapi? nikamuuliza. Hebu tazama kikombe chako, juu kuna nini?

Akapuliza vumbi, akanywa.

— Nyie hamjui sheria, akadakia Wakili, aliyepata jina hilo kwa kutoa ushahidi kortini siku moja, kesi ya jogoo. Hewa ya chini ni ya raia, kila mtu abebe mzigo wake. Hewa ya juu ni ya serikali. Kiwanda kinachafua mali ya serikali, hayo watajuana wenyewe!

— Mtanitoa roho nyie! nikafoka.

— Halafu kiwanda kimesema kikibanwa kitahama, akaongeza Injinia.

— Na mimi nikisema nahama? akauliza Bi Kahawa.

— Uhamie wapi, mama? akamjibu Injinia. Kona ya pili?

Wakacheka. Mwenyewe hakucheka.

— Ngoja, nimepata! Wakili akasimama kabisa. Kinachokuponza mama ni udogo. Mkubwa anasubiriwa, mdogo anazimwa. Ongeza majiko! Jaza mtaa mzima, weka na bomba refu. Watu wakishindwa kupumua, utaitwa mwekezaji, na mpito utaletewa hapa hapa.

— Bomba nitachomelea mimi, akasema Injinia, na wala hakuwa anatania.

Nilitamani kumwagia mtu kahawa. Mama wa watu kesho hana kazi, wao wanampimia bomba.

Hapo akafika binti mmoja tusiyemjua, mkononi ana mtandio.

— Shikamooni. Mama mdogo, utachelewa. Kikao cha malalamiko ya majiko kinaanza sasa hivi, na watu wa kiwanda nimewaona wameshajaa ukumbini. Akatugeukia. Nani anakwenda naye?

Injinia akakumbuka tairi la mteja. Wakili akasema kiatu kinambana. Mimi, niliyekuwa nachemka muda wote huo, nikachungulia kikombe changu kitupu.

Bi Kahawa aliupokea mtandio, akajitanda, akatutazama mmoja mmoja.

— Kaeni tu, wanangu. Niangalizieni jiko lisizime.

Hilo tulilikubali kwa sauti moja.